Anaona: Ndiyo / Hapana

Fomu ya Bombo ina mstari mmoja mfupi:
ANAONA — NDIYO / HAPANA. Kata isiyohusika.
Nimekaa na kalamu ya kuazima,
bibi yangu Mwanamvua kaniegemea bega la kushoto,
mtoto wa jicho kalala macho yote mawili,
mweupe kama tui la kwanza.

Nesi Shemhilu anainua vidole.
"Bibi, unaona nini?"
"Naona baridi, mwanangu. Hilo pangaboi lenu."
Benchi zima likacheka, hata yule mzee wa Maramba
aliyefungwa bendeji nusu ya uso.
Nesi hakucheka. "Vidole, bibi. Unaona vingapi?"
"Naona haya kukwambia."

Nikakata NDIYO. Wino haujakauka, nikajuta.

Maana asubuhi ile ile, Barabara ya Kumi na Mbili,
mimi mwenye macho nilikuwa nimeinamia simu,
na yeye ndiye aliyenivuta mkono: "Baiskeli!"
Ikapita, haina kengele, haina breki,
upepo wake ukanipangusa goti.
Nani alikuwa anamwongoza nani?

Nyumbani huona njaa saa saba kamili, hana saa.
Huona goti linamuuma mvua ikiwa bado iko Usambara.
Uji ukiungua kidogo chini ya sufuria, huona,
nawe uliyeushika mwiko bado unakoroga.
Na babu humwona, mara moja moja, alfajiri:
kakaa upenuni, anasokota kamba ya mkonge, hana neno.
Hilo sikuliandika. Fomu haikuacha nafasi.

Kuna na shemeji yake, Sengasu,
ajaye Pongwe na sukari nusu kilo,
huongea kwa sauti ya juu kana kwamba upofu ni uziwi,
na akiaga hupita nyuma ya nyumba, si mbele.
Kuona: chomeka herufi moja tu hapo katikati
uone neno linavyomgeukia mjane.

Usiku wa kuamkia upasuaji, wodini, taa zimezimwa,
akaninong'oneza kama anayeungama:
"Toka kizingiti mpaka kwenye minyaa
palikuwa hatua arobaini na moja.
Mwaka juzi nikahesabu thelathini na tisa.
Vuli hii, thelathini na sita.
Nikasema labda miguu yangu imerefuka."
Akanyamaza.
"Lakini wewe umeona wapi bibi kizee akirefuka?"

Sikuwa na jibu. Nilipita kwenye minyaa ile kila Jumamosi.
Niliiona, nikaona ni minyaa.

Wakamfungua jicho la kulia. Halikulia.
Nesi akasogea, vidole tayari hewani:
"Haya, bibi. Unaona nini?"
Akavitazama, akaviacha, akapanda usoni kwa yule binti,
akashuka taratibu mpaka tumboni, akatabasamu.
"Naona mko wawili."
Nesi akashusha mkono. Akatazama mlangoni, kama kuna aliyesikia.

Kisha akanigeukia mimi.
Muda mrefu. Nikajipapasa kola, nikadhani ina doa.
"Kumbe na wewe una mvi," akasema,
"na hukuniambia."

Tukafika Pongwe saa za magharibi.
Nilidhani atatazama kila kitu: mabati, kuku, mkorosho,
picha ya babu iliyopauka ukutani.
Alisimama kizingitini, akavua kandambili,
akafumba jicho lake jipya,
akaanza kutembea.
Nilimfuata nikihesabu kimya kimya, midomo inacheza.
Thelathini na nne. Thelathini na tano.
Mkono wake ukagusa minyaa, utomvu ukamchuruzika kidoleni.
Akaupangusa kwenye kanga.

"Mpigie simu Sengasu," akasema, jicho bado kalifumba.
"Sukari tunayo, asibebe.
Mwambie tu naomba tuonane."